Kabla ya Mashine ya Pili, Tazama Jiwe la Kunolea

Kama umewahi kuagiza kitanda, meza au kigoda katika karakana za jua kali za Kitale au Bungoma, bila shaka uliisikia mashine ya kukereza kabla hujaiona. Kipande cha mti hufungwa katikati ya vyuma viwili, mota ikakizungusha, naye fundi akakisogezea patasi mpaka mguu wa meza ukatokea na viuno na shanga zake. Wapita njia husimama kutazama. Wachache mno huuliza swali lenye pesa ndani yake: patasi ile ilinolewaje, na mara ya mwisho ilinolewa lini?

Huenda ukasema haya ni mambo ya mafundi na si ya kurasa za jamii. La hasha! Katika nyumba nyingi za Trans Nzoia na Bungoma karo ya watoto hutoka katika kazi hii, na kijana anapomaliza kujifunza useremala, wazazi ndio huombwa fedha za vifaa. Kijana huomba mashine. Ni nadra aombe jiwe zuri la kunolea. Nami nasema hapo ndipo pa kuanzia, na hata fundi aliyekwisha kusimama asifikirie mashine ya pili kabla hajalitazama jiwe lake.

Hebu tupige hesabu kidogo. Mguu wa kitanda wenye upana wa inchi 3 ukizunguka mara 1,500 kwa dakika, hupitisha karibu mita 360 za mti mbele ya patasi kila dakika. Seremala anayesukuma randa kwa mkono hawezi kufikia hata sehemu ndogo ya mwendo huo. Ndiyo maana makali ya mkerezaji hufa upesi kuliko makali yoyote mengine karakanani, na fundi anayejua kazi yake huyarudisha jiweni mara nyingi kwa siku. Tena kuna mti na mti. Saiprasi ni laini lakini patasi butu huuchana kama nguo kuukuu. Mvule, mti wa thamani sana kwetu sisi watu wa magharibi, mara nyingine hubeba ndani yake vijiwe vigumu vya chokaa, na kijiwe kimoja tu chatosha kuumaliza ukali ulioutafuta asubuhi nzima.

Sasa njoo kwenye patasi zenyewe. Nyingi katika karakana zetu hufuliwa kutokana na springi za magari, na nyingine hutengenezwa kwa tupa kuukuu. Springi si chuma kibaya, ikiwa aliyeifua aliijua kazi yake ya moto. Tupa ndiyo ya kuogopwa. Chuma chake ni kigumu lakini hukatika kama glasi, na ikiwa haikupashwa moto tena ili kupunguzwa ugumu, siku itakaponaswa na mti unaozunguka huvunjika na kipande kikaruka. Kuna pia patasi za chuma cha haispidi, aina ile itumiwayo kukata vyuma vingine. Tofauti yake huonekana jiweni. Springi ikipata joto la nyuzi 300 hivi ncha hugeuka rangi ya buluu, na hapo makali yameharibika. Utanoa, yatang'aa, nayo yatakufa baada ya dakika chache. Haispidi huvumilia mpaka karibu nyuzi 600. Kwa hiyo patasi ya springi ichovye majini kila mara kabla haijachemka. Ya haispidi usiitumbukize majini ikiwa moto sana, maana yaweza kupata nyufa ndogo ambazo jicho halizioni.

Jiwe lenyewe je? Mashine nyingi za kunolea zinazouzwa madukani hutumia mota inayozunguka takriban mara 2,850 kwa dakika. Kwa kasi hiyo ukingo wa jiwe la inchi 8 hukimbia zaidi ya kilomita 100 kwa saa, ilhali matatu zetu zimewekewa kikomo cha 80! Mota ya nusu ya kasi hiyo ni salama zaidi kwa springi. Lile jiwe la kijivu linalokuja na mashine ni gumu mno kwa kazi yetu. Huziba, likang'aa, kisha likachoma chuma badala ya kukikata. Jiwe jeupe, namba 60 au 80, hukata kwa ubaridi. Na kwa nini tuwadharau wale wanoa visu wanaozungusha jiwe kwa miguu ya baiskeli mitaani? Jiwe lao ni la polepole na halichomi kitu.

Lakini hata jiwe zuri halitoshi ikiwa mkono haurudi pale pale. Fundi anayenoa kwa jicho tu huweka patasi nyuzi 40 leo, kesho 45, na keshokutwa ncha ina nyuso tatu ndogo ndogo zinazogombana. Ili kuzisawazisha ni lazima ale chuma chote kilicho katikati. Huko ndiko patasi zinakokwenda, msomaji. Mti una sehemu yake, lakini ninavyoona mimi, patasi nyingi huliwa zaidi na jiwe kuliko na mti.

Hapa ndipo jigi inapoingia. Jigi si jambo la ajabu. Ni kishikio kinachoilazimisha patasi kukaa katika pembe ile ile kila inapoletwa jiweni. Wenzetu wa nchi za nje wamelifanya hili kuwa biashara kubwa. Kampuni ya Oneway ya Kanada hutengeneza mtambo wa mkono wa chuma uitwao Wolverine, na Tormek ya Uswidi, iliyoanza mwaka 1973, ina jiwe linalozunguka ndani ya maji mara 90 tu kwa dakika, polepole kiasi kwamba chuma hakiwezi kuungua. Ni vifaa vizuri, lakini ukijumlisha nauli na ushuru, fundi wa Kitale aweza kuona ni afadhali anunue mbao.

Habari njema ni kwamba jigi ya miguu ya vitanda na meza yaweza kutengenezwa nyumbani kwa vipande vya mbao. Chukua ubao mrefu mwembamba, uupitishe chini ya jiwe katika njia ambayo utateleza mbele na nyuma, nao ubanwe kwa kabari. Kwenye mwisho wake gongomea kipande chenye pembe iliyochongwa kama herufi V. Mkia wa mpini wa patasi hukaa katika pembe hiyo, makali yakalala juu ya jiwe, na kazi ya fundi hubaki kuizungusha patasi kushoto na kulia bila kuiinua. Kwa patasi ya mfereji, ile iliyopinda kama nusu ya bomba, inayotumika kuondoa pembe za mti, nyuzi 45 zinafaa. Patasi bapa ya kulainishia hupata karibu nyuzi 40 ukijumlisha pande zake mbili. Hiyo, pamoja na ile nyembamba ya kukatia, haihitaji mkono mrefu. Kijimeza cha mbao mbele ya jiwe, kilichokatwa kwa pembe yake na kufungwa kwa bolti, kinatosha.

Ukishapata pembe uipendayo, kata kijiti chenye urefu sawasawa na umbali kutoka usoni pa jiwe hadi ndani ya ile V, ukitundike ukutani. Jiwe huisha kidogo kidogo, na bila kijiti hicho pembe itahama bila wewe kujua. Ili kuhakikisha, paka mteremko wa makali wino wa kalamu nene, zima stima kabisa, kisha lizungushe jiwe kwa mkono. Wino ukifutika kisiginoni tu, jiwe halijafika kwenye makali. Ukifutika kwenye makali tu, unaifanya patasi kuwa butu kwa bidii yako mwenyewe. Ukifutika wote, washa. Sekunde chache zinatosha, kwa mguso mwepesi kama wa kumpangusa mtoto uso.

Na wewe mnunuzi, unaweza kuitambua patasi kali bila kuingia karakanani. Pitisha ncha ya kidole ndani ya kijifereji chembamba kabisa cha mguu wa kitanda, mahali ambapo msasa hauwezi kufika vizuri. Kama ni laini, patasi ilikuwa kali. Kama kuna vinyweleo na mikwaruzo, na zile shanga zimekuwa mviringo mchovu zisizo na kingo, basi fundi alitegemea msasa kuficha makosa, na wewe umelipishwa msasa huo na saa zake.

Sitaki kumaliza kabla ya kugusia macho na mapafu. Katika karne ya 19 wanoaji wa Sheffield, Uingereza, walikufa wakiwa bado vijana kwa sababu ya vumbi la mawe ya asili waliyonolea. Mawe ya kutengenezwa, ambayo yalienea zaidi baada ya Mmarekani Edward Acheson kugundua kaborandamu mwaka 1891, yalipunguza balaa hilo, lakini vumbi la chuma na jiwe bado si la kuvutwa. Kitambaa puani, na miwani ya kazi machoni. Miwani ya jua haifai. Kabla ya kulifunga jiwe jipya ligonge polepole kwa mpini wa mti: likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka usilifunge. Kijimeza kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3. Usinolee ubavuni pa jiwe jembamba. Na ile tabia ya kubana grainda ya mkono kwenye jiliwa na kunolea diski ya kukatia vyuma, yenye mizunguko kama 11,000 kwa dakika, iachwe kabisa.

Watoto nao hupenda kuja karakanani jioni kuokota maranda ya kuwashia jiko. Waokote wakati mashine zimezimwa. Jiwe likiwashwa, fundi mwenyewe asimame kando kwa dakika moja ya kwanza, nao wawe nje ya mlango.