Hadisi ya Kingereza na karatasi ya shimo



Juma lililopita kulikuwa mukutano wa wazazi ku masomo anaposomea mutoto wangu wa pili. Baba mumoja, muntu wa shimo sawa mimi, alisimama akasema: « Mwalimu wa Kingereza anapoteza wakati ya batoto. Mwezi muzima paka hadisi ya muntu wa Mexique anayetafuta lulu mu bahari. Siku ya kuomba kazi, kompanyi itamuuliza mutoto wangu habari ya lulu? Amufundishe Kingereza ya kazi! » Watu walipiga mikono. Na mimi nilipiga. Wakasema mukutano ujao tutakata shauri: yale masomo yaendelee ao yasimame.

Leo naandika kwa kusema kwamba nilipiga mikono mbio sana.

Kwanza tujue mwalimu anafundisha nini. Iko na kitabu kimoja cha Mumarekani John Steinbeck, kilichotoka mwaka 1947, kinaitwa La Perle kwa Kifransa. Anatoa fotokopi, watoto wanasoma kwa Kingereza. Na ku kila hadisi anawaomba wajibu maulizo matano. Nani yuko ndani, na anatafuta nini? Mambo yanapita wapi na wakati gani? Nani ao nini inamuzuia? Mambo yanageukia wapi? Na la mwisho: ni nani anayetuelezea hii hadisi? Ni hayo tu.

Sasa musikie yaliyonipata nyumbani. Jioni moja nilikuwa na procès-verbal mbele yangu ku meza. Jiwe lilimwangukia mwenzetu mumoja, akavunjika muguu, na mimi kama delege nilipaswa kutengeneza dosie yake. Ile karatasi ilikuwa na mistari mine. Kwamba saa munane ya muchana mutumishi alisimama pahali pasiporuhusiwa. Jiwe likaanguka. Akaumia. Mutumishi hakufuata sheria za usalama.

Mutoto alisoma juu ya bega langu, akauliza: « Papa, hapa ni nani anaelezea? »

Nikajibu: « Ni mukubwa wa usalama. »

« Alikuwa pale? »

« Hapana. »

« Na hadisi inaanza saa munane. Mbele ya saa munane kulikuwa nini? »

Nikanyamaza. Mbele ya saa munane kulikuwa siku tatu. Siku tatu mbele, watu wa ekipe waliandika mu kaye ya kazi kwamba dari la shimo linapasuka. Hakuna aliyekuja kuweka miti. Pale « pasiporuhusiwa » palikuwa njia moja tu ya kutokea. Mule mu karatasi hamukuwa neno hata moja la uongo, lakini walianzisha hadisi pale inapowafaa. Ukiianzisha siku tatu nyuma, mukosaji anakuwa mwingine.

Niko delege tangu miaka 11. Karatasi za namna ile nimezipigania kwa kelele, kwa kupiga meza, na mara nyingi nimeshindwa. Usiku ule tuliandika yetu, tukaanzia siku ya kaye. Mambo hayajaisha, dosie ingali ku Inspection du travail. Lakini safari hii ile kaye iko ndani.

Na ninyi wachimbaji wa mikono, wa Kolwezi na wa Likasi, ile hadisi ya lulu ni yenu kabisa. Kino ni muntu mukosefu. Mutoto wake anaumwa na nge, munganga anakataa kumutunza kwa sababu baba hana makuta. Kiisha Kino anapata lulu kubwa. Anaipeleka ku wanunuzi. Wa kwanza anamupa pesos 1.000 na kusema ni kubwa mno, haina soko. Mwingine anasema haina maana. Mwingine anasema 500. Kino anawaambia inafaa 50.000, lakini hana njia ya kuonyesha. Wanunuzi wale kila mumoja yuko na biro yake, inaonekana sawa wanashindana. Kumbe wote wanatumikia bwana mumoja. Mwenye kuelezea hadisi anatuambia sisi wasomaji wazi, lakini Kino mwenyewe yuko mbele ya meza na anaweza tu kuwazia.

Nani kati yenu hajasimama pale Kino aliposimama? Unafika na gunia ku négociant, anasema teneur iko chini. Unaenda ku mwingine, anasema mawe yako na maji. Mizani ni yake, mashini ya kupima ni yake. Sisemi kila munuunuzi ni mwizi. Nasema mutoto aliyezoea kuuliza « hawa ni nani, nani anawatuma, wanatafuta nini » hatauza jasho lake macho yakiwa yamefungwa.

Wazee wetu walijua kazi hii bila masomo. Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati wa mugomo wa Union Minière, askari walipiga bunduki watu waliokusanyika ku uwanja wa mupira, hapa Elisabethville. Léonard Mpoyi alikufa siku ile. Hesabu ya wafu waliyoandika wakubwa wa koloni ilikuwa ndogo kuliko ile iliyobaki mu vinywa vya wazee. Kama hakukuwa watu wa kuelezea upande wetu, leo tungekuwa na karatasi moja tu, ile ya wenye bunduki.

Na musiniambie hadisi ya kutunga ni bubongo. Sisi wa Lubumbashi tumecheka miaka mingi na michezo ya Mufwankolo, na kila muntu alijua mule ndani kulikuwa jirani yake, bwana yake, na yeye mwenyewe.

Lakini yule baba hakukosa yote. Mu Examen d'État mutoto atachagua jibu kati ya yale yaliyoandikwa, na asipojua verbe atashindwa hata akijua Kino vizuri sana. Kwa hiyo mwalimu asiache grammaire. Tena fotokopi zinatoka mu mufuko wetu: tangu 2019 wanasema masomo ya chini ni ya bure, lakini ya secondaire tunalipa. Hayo ni malalamiko ya haki. Lakini mwalimu mwenyewe alitueleza kwamba, walipofika mwisho, pale Kino anapotupa lulu mu bahari, darasa lilibishana kwa Kingereza: alifanya vema ao alikosa? Hata wale ambao hawafungulie kinywa walisema, kwa sababu kila mumoja alitaka kushinda. Ndugu, njo Kingereza ya kazi ile. Siku mukubwa atamwita mutoto wako ku biro, jina la nyundo kwa Kingereza halitamuokoa. Atapaswa kueleza mambo yalipita namna gani, kuanzia mwanzo, na kwa sababu gani.

Basi, mu mukutano ujao nitasema hivi. Masomo ya hadisi yaendelee, na grammaire ibaki na saa zake. Fotokopi zitolewe mara moja tu, zifungwe vizuri, zibaki ku masomo kwa watoto wa mwaka ujao, wazazi wasilipe kila mwaka. Sendika iko na mashini ya fotokopi ku biro. Nitaomba wenzangu waikopeshe. Na mwalimu awape watoto kazi ya kuandika hadisi moja ya nyumbani kwao, ya shimo ao ya soko, na yale maulizo matano.

Wewe uliyepiga mikono sawa mimi, kuja tena ku mukutano. Lakini mbele ya kuja, twaa karatasi yoyote ya kazi uliyoisaini, umupe mutoto wako, umuulize: ni nani anaelezea hapa, na ameanzia wapi?