Bubu wa Sura Ile si Mariamu

Yako mafundisho yanayotolewa mara kwa mara katika vijiji vyetu, hasa msichana anapoposwa naye akasitasita. Huitwa mbele ya wazee, akaambiwa, "Mwangalie Mariamu, mama wa Bwana wetu. Yeye hakuuliza wala hakubisha. Aliinamisha kichwa akakubali. Nawe, kama u Mkristo, nyamaza." Maneno haya yana sura ya utauwa, na wazee huyapokea kwa furaha, maana mahari yamekwisha kuhesabiwa. Lakini nasema wazi, ndugu wasomaji, kwamba hayo si maneno ya Injili.

Fungueni Luka, sura ya 1. Malaika Gabrieli alitumwa Nazareti, mji wa Galilaya. Hakwenda kwa baba wa msichana, wala kwa wajomba, wala kwa Yusufu mchumba wake. Alikwenda kwake mwenyewe. Naye Mariamu hakukubali papo hapo. Kwanza alifadhaika, akaipima salamu ile moyoni. Kisha akauliza jambo hilo litafanyikaje, naye hajaishi na mume. Je, malaika alimkemea? Hasha! Alimweleza, tena akampa na habari ya Elisabeti jamaa yake, aliyekuwa katika mwezi wake wa sita. Ndipo Mariamu alipojibu kwamba yu radhi, na malaika akaondoka akiisha kulipata jibu lile, si kabla yake. Mjumbe wa Mungu alingoja neno la msichana wa Nazareti. Sisi twashindwa kungoja hata jioni.

Kweli, katika sura hiyo yumo aliyefungwa ulimi. Ni nani? Ni Zakaria, mwanamume, mzee, kuhani wa hekalu, kwa sababu hakusadiki. Ajabu yangu ni kwamba wahubiri wetu wamechukua ububu wa mzee, wakamtwika binti.

Watasema, "Lakini Mariamu alijiita mtumwa wa Bwana." Ndiyo, wa Bwana, si wa mwenye ng'ombe. Watasema pia kwamba aliyaweka mambo moyoni. Hilo nalo limeandikwa, mara mbili katika sura ya 2. Lakini sura hiyohiyo yasimulia jinsi alivyomtafuta mwanawe wa miaka 12 siku tatu, na alipomwona hekaluni katikati ya waalimu, alimwuliza kwa nini amewatenda hivyo. Na huko Kana, divai ilipokwisha, ni nani aliyesema? Ni nani aliyewaagiza watumishi?

Tena, mbona wimbo wake hawautaji wanapomkanya msichana? Aliuimba nyumbani kwa Elisabeti, milimani mwa Yudea: wakuu washushwa vitini, wenye njaa washibishwa, matajiri waondoka mikono mitupu. Mwaka 1521 Martin Luther aliandika kitabu kuufafanua, akampelekea kijana wa ukoo uliotawala Saxony, ili ajifunze namna ya kutawala. Maneno ya msichana yakawa darasa la watawala, nasi twamwita mwimbaji wake mfano wa kunyamaza!

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili. Kanisani vilevile, mchungaji humwuliza bibi arusi mbele ya watu wote kama amkubali huyu kuwa mumewe. Kama jibu limekwisha kutolewa na wajomba uani, tena chini ya vitisho, basi swali lile la madhabahuni ni la nini? Twamwuliza Mungu akisikia, hali twajua kwamba hana ruhusa ya kusema la.

Najua wako watakaonena kwamba mwalimu awafundisha mabinti uasi. Na wanionyeshe mstari ambao Mariamu alikatazwa kuuliza. Na Jumapili ile habari hii itakaposomwa, msomaji asiishie mstari wa 38. Aendelee mpaka wa 55, kwa sauti ya kusikika hata kwenye mabenchi ya nyuma wanakoketi wasichana.