Sauti za Ala Zetu Tuzihifadhi Wenyewe

Zamani aliyetaka kusikia piano kubwa alihitaji piano yenyewe, mpigaji hodari na fundi wa kuzisawazisha nyuzi zake. Leo kijana mwenye kompyuta na kinanda kidogo huyapata yote hayo chumbani mwake. Wataalamu huingia studio wakarekodi kila kibao katika vile 88 vya piano, kikipigwa kwa upole, kwa wastani na kwa nguvu, kisha sauti hizo zikawekwa akiba ndani ya programu. Mwaka 2019 kampuni ya Spitfire Audio ya London ilitoa maktaba ya sauti za okestra nzima ya BBC, zilizorekodiwa katika studio za Maida Vale. Watungaji wa muziki wa filamu duniani kote sasa hutumia maktaba za namna hii.

Sisi hatuna ugomvi na chombo hicho. Kijana wa kisiwani asiyeweza kukodi wapigaji fidla 20 amefunguliwa mlango, na haifai kuufunga. Swali letu ni moja tu: katika maktaba hizo, sauti ya Visiwa iko wapi, na ni mali ya nani?

Piano hugawa sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Rasti na bayati, ambazo taarabu yetu imezitegemea tangu Ikhwani Safaa kuasisiwa mwaka 1905, zina sauti zinazokaa baina ya hatua hizo. Mpigaji wa kanuni huzipata kwa kuinua na kushusha vibati vidogo vilivyo chini ya nyuzi. Ni kweli kwamba programu nyingi zaweza kurekebishwa zitoe sauti hizo, lakini marekebisho hayo humtaka mtu mwenye sikio lililofunzwa. Aliyesoma chuoni anajua kwamba herufi ina mahali pake pa kutokea, na ikitolewa pengine huwa si herufi ile. Ndivyo ilivyo sauti ya muziki.

Wapo wanaohofu kwamba mashine itawanyima wapigaji riziki. Hofu hiyo si ngeni; wanamuziki wa Uingereza waliipata miaka ya 1960 ilipotokea Mellotron, kinanda kilichotoa sauti za ala zilizorekodiwa katika kanda. Kwetu pia, taarabu ya kisasa iliposhika kasi miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilishika nafasi ya fidla nyingi. Mashine imekwisha kuingia, basi ni wajibu wetu kuiwekea masharti.

Tukumbuke kwamba mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walilazimika kuvuka bahari hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri za kampuni ya kigeni. Leo hatuna udhuru wa namna hiyo. Vyombo vya kurekodia vipo, na Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimefundisha vijana wetu kanuni, udi na fidla.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka zinazohusika na utamaduni zifanye mambo matatu. Kwanza, ziwarekodi mabingwa wetu wangali hai, ala kwa ala na maqamu kwa maqamu. Pili, ziandike mikataba inayompa kila mpigaji sehemu ya pato kila sauti yake inapouzwa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 itumike kuilinda haki hiyo. Tatu, maktaba hiyo itolewe bure kwa vijana wa Unguja na Pemba, na wageni wainunue.

Bingwa akizikwa, mkono wake huzikwa naye. Tusingoje mgeni aje kuzirekodi sauti hizi, kisha atuuzie. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuwatunze mabingwa hawa wangali wakipiga.