Owino Uhuru: Ubongo wa mtoto hausubiri rufaa

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya Sh1.3 bilioni kwa wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Hukumu ya kwanza ilitolewa 2020.

Miaka hiyo kwa wakili ni rufaa tu. Kwa mtoto ni ubongo. Mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima. Nayo hujifanya kalsiamu, ikapenya ubongoni neva zingali zinaungana. Dawa huipunguza mwilini, haimrudishii kilichopotea. Lishe bora na mwalimu mwenye subira husaidia, ila mapema.

Waliokuwa wachanga kiwanda kikifungwa 2014 sasa wako darasani. Foleni ya malipo ianze nao.