Acheni Kuipamba Taabu

Nina rafiki Dar es Salaam, mshairi, ambaye siku hizi humwambii kitu kuhusu baiskeli yake ya gia iliyofungwa. Ndiyo ile ambayo pedali na gurudumu la nyuma havitengani: gurudumu likizunguka, na miguu inazunguka. Hakuna kutuliza miguu, hata kwenye mteremko. Nyingine hazina breki kabisa. Unapunguza mwendo kwa kuzikaidi pedali. Anasema hapo mtu na chombo wanakuwa kitu kimoja, eti ndivyo yalivyo maisha ya pwani, na ananitaka mimi wa Kilwa niiandikie makala ya kuisifu.

Nimekataa. Leo nasema kwa nini.

Kwanza nimpe haki yake. Baiskeli hiyo ni nyepesi na vipuri vyake ni vichache. Kwetu, ambako chumvi na mchanga hula kila chuma, hilo si jambo dogo. Pia humfundisha mwendeshaji kutazama mbali, maana kusimama ghafla ni kazi. Wajapani wanashindana nayo katika mchezo wa keirin tangu 1948. Sawa, lakini uwanjani hakuna mbuzi anayekatiza wala basi linalochomoka Nangurukuru.

Hebu tuje huku sasa. Mchuuzi wa baiskeli, ambaye wenzake wengi wameshahamia bodaboda, anachukua samaki Somanga alfajiri. Tenga liko kwenye keria, na mbele yake kuna vijiji vya milima ya Matumbi. Kwenye mlima anashuka, anasukuma. Mteremko ndio malipo yake: anatuliza miguu, anashika breki, anapumua. Mpe baiskeli ya rafiki yangu uone. Mzigo unamsukuma, pedali zinamkimbiza, magoti ndiyo breki. Huyo hajawa kitu kimoja na chombo. Amegeuzwa kipuri chake.

Na zile faida? Nyingi anazo tayari. Phoenix yake ya Kichina ni nzito, kweli, lakini ina gia moja tu, haina makorokoro, na fundi wa chini ya mwembe anaijua kwa kuipapasa. Tena inamruhusu kupumzika. Gia iliyofungwa itamwongezea nini huyu isipokuwa taabu?

Wala hatari si ya kubuni. London, mwaka 2016, mama mmoja alivuka barabara akagongwa na kijana aliyepanda baiskeli ya aina hii, isiyo na breki ya mbele. Mama akafariki. Mwaka 2017 kijana akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Barabara za kule zina lami na taa.

Mtaniuliza, jamani, fasihi iko wapi hapa? Ipo tele. Tumejaza hadithi za pwani ambamo taabu ni pambo: mvuvi anatota kwa uzuri, mama anabeba ndoo kwa uzuri, na hakuna anayeumwa mgongo. Anayeisifu taabu mara nyingi ni yule anayeweza kuiacha Jumapili jioni. Rafiki yangu akichoka, anaita bodaboda. Mchuuzi akichoka, samaki wanaoza.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, hakuandika hivyo. Katika *Kinjeketile* (1969) aliichukua imani ya maji iliyowaunganisha watu, akaifikisha mpaka mbele ya risasi. Hakuikejeli, lakini hakuipamba. Wazo zuri lipimwe pale linapouma. Maji yalipimwa kwa risasi. Baiskeli nayo ipimwe kwenye mteremko, tena ikiwa na mzigo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, karibu na baiskeli yako. Nitakufungia tenga la samaki kwa mikono yangu, tushike njia ya Kipatimu. Tukimaliza mteremko wa kwanza bado unaimba, makala ya sifa nitaiandika mimi mwenyewe.