Kisangani: Mukaba wa usalama usiofungwa mahali haumlindi fundi

Fundi amesimama juu ya ukuta wa etaji ya pili. Kiunoni amefunga mukaba, na kamba yake inaning'inia nyuma bila kufungwa popote. Mpita njia akimtazama kutoka chini, anaona mtu aliyejikinga. Lakini mguu ukiteleza, fundi huyo ataanguka sawa na mwenzake asiyevaa kitu.

Katika muji wa Kisangani kazi za juu ni nyingi: nyumba za etaji katika komini ya Makiso, manjanja ya kubadilisha juu ya nyumba za zamani, minara ya simu, na nguzo zinazobeba umeme wa SNEL kutoka bwawa la mto Tshopo. Wanaopanda, wengi ni vijana wanaolipwa kwa siku. Mmoja akianguka, familia ndiyo inayobeba mzigo wa hospitali, na mara nyingine wa mazishi.

Ndiyo maana swali la mukaba wa usalama si dogo. Mukaba unaweza kuwepo kwenye shantie, ukavaliwa hata kila siku, na bado usimwokoe mtu.

Kushikilia si kudaka

Kupanda juu si jambo geni kwa wakaaji wa Tshopo. Wagenia, kwenye maporomoko ya mto Kongo, wanapanda miti mikubwa iliyofungwa kwa kamba za msituni ili kutega mitego yao ya samaki. Wakata ngazi na wagema wa pombe ya mawese wanauzungusha mukaba kwenye shina la mti na mgongoni mwao, kisha wanapanda. Lokutu, katika teritware ya Basoko, ambako kampuni ya Lever ilianzisha mashamba ya mawese tangu mwaka 1911, mukaba huo umelisha familia nyingi.

Mukaba wa mgema una kazi yake. Unamshikilia kwenye mti ili mikono ibaki huru, naye anauegemea tangu mwanzo. Haukutengenezwa kumdaka mtu ambaye tayari yuko hewani. Fundi wa nguzo za umeme naye ana mukaba wa namna hiyo wa kumsimamisha kwenye nguzo, lakini sheria nzuri za kazi zinataka awe na kifaa kingine cha kumdaka akiteleza.

Tatizo linaanza pale fikira ya mgema inapohamia kwenye jengo. Fundi anafunga mukaba wa kiunoni na kuamini kwamba akianguka utamdaka. Ukimdaka, nguvu yote ya kuanguka inaingia tumboni na kwenye uti wa mgongo. Anaweza kupasuka ndani, kuvunjika mgongo, au kuchomoka na kuendelea kuanguka. Kwa sababu hiyo Marekani ilikataza mikaba ya kiunoni kutumika kudaka watu wanaoanguka, kuanzia tarehe 1 Januari 1998.

Kinachotakiwa ni mukaba wa mwili mzima, ule ambao mafundi wanauita arne kwa kufuata Kifaransa. Unapita mabegani, kifuani na kwenye mapaja, na kuigawa nguvu ya kuanguka kwenye mifupa mikubwa ya mwili.

Namna ya kuuvaa

Arne inaanza kuangaliwa kabla ya kuvaliwa. Fundi anaishika kwa pete ya mgongoni, anaitikisa ili kamba zijinyooshe, kisha anazipitia kwa macho na vidole: nyuzi za mshono zilizokatika, sehemu iliyoungua kwa cheche za kusoma vyuma, rangi, simenti iliyokauka, pete iliyopinda. Jua kali na unyevu wa Kisangani vinachakaza kamba polepole, kwa hiyo arne inatunzwa mahali pakavu penye kivuli, si juu ya lundo la mchanga.

Ikishavaliwa, pete ya kudakia inakaa mgongoni, katikati ya mabega. Ikishuka hadi kiunoni, mtu akianguka atapinda vibaya. Kamba ya kifua inafungwa katikati ya kifua. Ikiwa juu sana inaweza kumkaba shingo. Kamba za mapaja ndizo zinazoachwa wazi mara nyingi kwa sababu zinabana na zinaleta joto, lakini zisipofungwa mwili unaweza kupenya na kutoka chini. Kipimo ni rahisi: kiganja kilichonyooshwa kipite kati ya kamba na paja, ngumi isipite. Hakuna kamba inayotakiwa kujisokota.

Mwenzake anamwangalia mgongoni kabla hajapanda, maana hakuna anayeuona mgongo wake mwenyewe.

Hesabu ya mita

Hata arne iliyovaliwa vizuri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mahali kamba inapofungwa. Mti wa eshafodaje, bomba la maji, dirisha au chuma chembamba cha beto kinachochomoza si mahali pa kumfungia mtu. Pafungwe kwenye nguzo au boriti imara ya jengo, juu ya kichwa ikiwezekana. Kamba ikifungwa juu, mtu anaanguka kidogo; ikifungwa miguuni, anaanguka mbali kabla ya kudakwa.

Hapa kuna hesabu ambayo shantie nyingi haziifanyi. Kamba ya kawaida ina mita 2. Kifyonza mshtuko, yaani kifuko cha kamba iliyokunjwa kinachofunguka ili kupunguza kishindo, kinaweza kurefuka hadi karibu mita 1,75. Kutoka pete ya mgongoni hadi miguuni ni karibu mita 1,5. Ongeza mita 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 6,25 chini ya mahali kamba ilipofungwa.

Etaji moja ina karibu mita 3. Fundi aliye kwenye sakafu ya etaji ya kwanza, kamba akiwa ameifunga miguuni, atafika chini kabla ya kamba kumdaka. Kwenye etaji ya pili, yenye karibu mita 6, bado hayuko salama. Na majengo mengi ya Kisangani hayapiti urefu huo.

Hiyo haina maana kwamba hakuna la kufanya. Kwenye urefu mdogo, kamba fupi inaweza kumzuia fundi asifike kabisa ukingoni, hivyo haanguki. Na kabla ya kamba yoyote, wataalamu wanatanguliza vizuizi vya pembeni, sakafu kamili ya mbao juu ya eshafodaje, na kufanya chini kila kazi inayoweza kufanyiwa chini. Uzio wa mbao hauhitaji kuvaliwa, na unamlinda hata aliyesahau.

Baada ya kudakwa

Mtu aliyedakwa na arne hajaokoka bado. Akining'inia bila kusogea, damu inakusanyika miguuni na anaweza kuzimia katika muda wa dakika chache. Muji ambao mafundi wake hawawezi kutegemea gari la zima moto lenye ngazi ndefu unalazimika kupanga mapema: nani atamfikia, kwa ngazi ipi, kwa kamba ipi. Na arne iliyomdaka mtu haivaliwi tena, hata ikionekana nzima.

Nani analipa?

Mara nyingi ajali ikitokea, fundi ndiye anayelaumiwa kwamba hakuvaa. Sheria inaangalia kwanza upande mwingine. Kanuni ya kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, ina sehemu nzima kuhusu afya na usalama kazini, na mzigo wake mkubwa uko juu ya mwajiri. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama ya kazi kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu. Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 unasema wazi kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi kitu.

Patroni wengi watajibu kwamba mtu wa siku si mfanyakazi wao. Kifungu cha 40 cha kanuni ya kazi hakikubaliani nao moja kwa moja: aliyefanya siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Shantie ya nyumba ya etaji inapita siku 22 bila shida. Na mchango wa CNSS kwa ajili ya ajali za kazi ni asilimia 1,5 ya mshahara, wote ukilipwa na mwajiri. Asiyeandikishwa, familia yake inabaki kubisha mlango wa patroni kuomba huruma, wakati ingekuwa inadai haki.

Kwa hiyo mwenye kujenga ana la kuuliza kabla ya kazi kuanza: kamba zitafungwa wapi, nani amefundishwa, na gharama hiyo iko wapi katika hesabu ya simenti na vyuma. Isipoandikwa humo, hakuna atakayeinunua. Wakaguzi wa kazi nao wana sababu ya kutoishia kuhesabu kofia na mikaba. Wafuate kamba kwa macho mpaka mwisho wake, waone imefungwa kwenye nini.