Kuhesabu Gorila Nayo Ni Kazi, na Sisi Tunaiweza

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma hapa,

Kila tukiitwa kwenye mafunzo ya kazi, orodha ni ile ile: ushonaji, saluni, sabuni, kutengeneza simu. Hatuzidharau, wengi wetu tunakula kupitia hizo. Lakini kuna kazi moja hatujawahi kuisikia ikitajwa kambini, na tunaona sisi tuliotoka Kivu ingetufaa kuliko watu wengi. Ni kazi ya kutunza data za wanyama na mimea ya porini. Mwanasayansi wa namna hii hashindi msituni na darubini kama kwenye filamu. Siku nyingi yuko mbele ya kompyuta anauliza: mnyama huyu alionekana wapi, lini, nani alimwona, na tuna uhakika gani?

Tuchukue gorila wa Grauer, juu huyo ni wa kwetu. Porini hapatikani kokote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo: Kahuzi-Biega, Itombwe, Maiko na misitu ya karibu. Miaka ya 1990 watafiti walikadiria wako kama 17,000. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Andrew Plumptre, aliyefanya kazi miaka mingi upande wetu huo wa Afrika, likatoa hesabu mpya: wamebaki kama 3,800. Kati ya majina ya waandishi limo la Mkongomani, Deo Kujirakwinja. Mwaka huo huo IUCN ikamweka gorila huyu kwenye ngazi ya mwisho ya hatari kabla ya kutoweka porini. Sababu zake tunazijua hata bila kusoma: vita, bunduki kila mahali, na migodi katikati ya msitu ambako watu wanakula nyama ya porini juu hakuna kingine.

Halafu 2021 ikatoka hesabu nyingine, na Plumptre yumo tena: 6,800. Mtu atasema, aa, hawa wanabahatisha tu. Hapana. Gorila jike huzaa mtoto mmoja, kisha anakaa miaka kadhaa ndipo azae tena, kwa hiyo hawakuongezeka hivyo kwa miaka mitano. Kilichoongezeka ni data: walipata taarifa za misitu mingi zaidi, wakapiga hesabu upya, wakatangaza kwamba ile ya kwanza ilikuwa chini. Ni watu wangapi wenye vyeo mnaowajua wanaorekebisha namba yao wenyewe mbele ya dunia?

Na gorila wenyewe hawapangi mstari wahesabiwe. Kila jioni kila gorila aliyeacha kunyonya anajitengenezea kiota chake cha kulala, mtoto mdogo analala na mama. Kwa hiyo walinzi wa hifadhi na watafiti wanatembea wakihesabu viota, wanaandika umri wa kiota, kinyesi, na mahali kwa GPS. Baadaye karatasi na simu zote zinafika kwa mtu wa data, na hapo ndipo kazi inapoanza. Kahuzi-Biega iko karibu na latitudo -2.5 na longitudo 28.7. Ukizigeuza namba hizo mbili, gorila wako anatokea jangwani Algeria. Hilo kila mtu ataliona na kucheka. Lakini ukisahau ile alama ndogo ya kutoa tu, gorila anaruka zaidi ya kilomita 500 kaskazini, anaangukia upande wa Ituri, kwenye misitu ya okapi. Huko nako ni msitu, nako ni Kongo, hakuna atakayeshtuka. Kosa kama hilo linaweza kukaa kwenye jedwali miaka, na mtu wa ofisini akaamua kwa kulitegemea walinzi waende wapi.

Sasa tuseme ukweli. Ni nani hapa kambini hajui kazi ya namna hiyo? Tunapita nyumba kwa nyumba na simu, tunajaza fomu za Kobo, tunatafuta familia iliyoandikwa mara mbili, tunagundua jina moja limeandikwa kwa namna tatu. Watunza data za wanyama wanafanya hivyo hivyo, ila badala ya Furaha na Fulaha wanahangaika na majina ya ndege. Na sisi tuna kitu cha zaidi: wazee wetu wanajua wanyama hao kwa Kilega, Kitembo, Kishi. Jina la kienyeji likiandikwa vibaya na mgeni, sisi ndio tungelitambua.

Hata siri ya data tunaielewa. Kuna hazina ya wazi ya data za viumbe inaitwa GBIF, ilianzishwa 2001, ofisi yake kuu iko Copenhagen, na yeyote mwenye intaneti anaingia bure. Lakini kwa mnyama anayewindwa sana, mahali pake halisi hufichwa, panaonyeshwa eneo pana tu, ili jangili asipate ramani ya bure. Mtu aliyewahi kuogopa orodha yenye jina lake isifike kwa waliomfukuza hahitaji kufundishwa jambo hilo siku mbili.

Tunajua kuna kizuizi. Kuitwa mwanasayansi kunataka chuo kikuu, na nafasi za chuo kwa mkimbizi ni za kuhesabika. Lakini kuingiza data, kuzikagua na kuchora ramani kunaweza kuanza na cheti cha sekondari na kompyuta moja inayowaka. Na msitu unaozunguka kambi upo. Kila mwaka tunaambiwa sisi ndio tumeumaliza kwa kuni, na kila mwaka tunajibu kwa mdomo tu, juu hatuna namba yoyote mkononi, ya kutusafisha wala ya kutushitaki.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, mkipanga mafunzo yajayo, wekeni na hii. Hatuombi jengo. Tunaomba mwalimu mmoja wa ramani, bando za intaneti, na ruhusa ya kutembea pembezoni mwa kambi asubuhi kuandika ndege na miti tunayoikuta. Simu tunazo, na wazee wa kutuambia majina wako nyumbani muda wote.